Mchungaji Asiyekimbia: Riwaya ya Tauni ya Connie Willis

Riwaya za kisayansi hazipati nafasi mara nyingi katika majarida ya theolojia, na sababu yaeleweka: nyingi hujali mitambo kuliko watu. Doomsday Book ya Mmarekani Connie Willis, iliyotolewa mwaka 1992 na kupewa tuzo za Nebula na Hugo, ni ya namna nyingine. Mtambo wa kusafiri katika wakati umo, lakini nguvu ya kitabu imo katika kasisi mmoja wa kijijini, maskini na asiye na elimu. Swali lake ni lile lile alilolijibu Luther mwaka 1527: je, mtumishi wa Neno aweza kukimbia tauni?

Kisa chenyewe ni hiki. Katika Oxford ya mwaka 2054 wanahistoria hutumwa katika nyakati za kale ili kujionea maisha ya watu. Mwanafunzi aitwaye Kivrin anapelekwa mwaka 1320, lakini fundi wa mtambo amekwisha kushikwa na homa ya mafua, anakosea, na binti huyo anatua mwaka 1348, wakati tauni inapoingia Uingereza. Huku nyuma mji wa Oxford nao unafungwa kwa sababu ya homa hiyo, na mwalimu wake, Bwana Dunworthy, hawezi kumfikia. Kivrin anapokewa katika nyumba ya kabaila kijijini. Wakati wa Krismasi anafika mjumbe wa askofu pamoja na wenzake, na karani mmoja katika msafara huo ndiye anayeleta ugonjwa.

Hapo ndipo Padre Roche anapokua machoni petu. Bibi Imeyne, mama mkwe wa nyumba ile, amekuwa akimdharau kwa sababu Kilatini chake ni kibovu na Misa huiharibu. Lakini wagonjwa wanapotokwa na mitoki na kuanza kutapika damu, ni Roche anayewaosha, anayewapaka mafuta, anayechimba makaburi na kugonga kengele. Willis haandiki hotuba juu ya jambo hilo. Anaonyesha mikono ya mtu akifanya kazi, siku baada ya siku, mpaka kijiji kinakwisha.

Msomaji Mlutheri hawezi kupita hapo bila kukumbuka barua ambayo Luther alimwandikia Johann Hess wa Breslau. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, chuo kikuu kilihamishiwa Jena. Luther alibaki pamoja na Bugenhagen, ijapokuwa mkewe Katharina alikuwa mja mzito, akageuza nyumba yake kuwa mahali pa kuuguzia. Katika barua ile hakuwahukumu wote waliokimbia. Alikubali kwamba mtu aweza kuondoka ikiwa jirani yake amepata wa kumtunza, tena aliwakemea wanaodharau dawa na kumjaribu Mungu. Lakini kwa wahubiri na wachungaji alishika neno la Yohana 10: mtu wa mshahara huwaacha kondoo. Padre Roche hajui hoja hizo, wala hangeweza kuzijua karibu miaka 180 kabla hazijaandikwa. Anazitenda tu.

Hata hivyo lipo jambo ambalo wasifuji wa kitabu hiki hulipita upesi mno. Kivrin amechanjwa. Kabla ya safari alikingwa dhidi ya tauni, na njia ya kurudi kwao hana. Kwa hiyo huruma yake, ingawa ni ya kweli, haimgharimu mwili wake kama inavyomgharimu Roche. Nadhani mwandishi alikusudia tofauti hiyo, maana inatuzuia tusimfanye mtaalamu wa wakati ujao kuwa mwokozi. Elimu yake yote haimponyi hata mmoja. Sheria ya mtambo ni kwamba historia haibadiliki. Kinachobaki ni kukaa. Wachungaji waliozika watu wa UKIMWI katika Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, wanajua maana ya kukaa mahali pasipo na dawa.

Roche alimwona Kivrin akitokea, na anaamini ni mtakatifu aliyetumwa na Mungu. Sisi tunajua ni mwanafunzi aliyepotea. Ingekuwa rahisi kumcheka padre, lakini Willis hamcheki, na kwa maoni yangu Roche anaona vizuri kuliko msomaji. Luther alifundisha kwamba Mungu hufanya kazi akiwa amejificha nyuma ya viumbe kama nyuma ya barakoa. Mwanafunzi aliyepotea aweza kuwa barakoa ya namna hiyo bila yeye mwenyewe kujua.

Pagumu zaidi ni pale Dunworthy, akiwa mgonjwa, anapomfikiri Mungu kuwa Baba aliyemtuma Mwanawe ulimwenguni kisha akashindwa kumfikia. Ni fikra ya mtu mwenye uchungu, na kama fundisho haikubaliki: Baba hakumpoteza Mwana. Lakini afadhali fikra hiyo kuliko ya Bi Gaddson, mama wa mwanafunzi mmoja, ambaye huzunguka wodini Oxford akiwasomea wagonjwa mafungu ya Biblia ya kutisha. Rafiki zake Ayubu wangemkaribisha. Theolojia ya msalaba inamruhusu mtu kulia kwamba ameachwa. Kumpiga mgonjwa kwa Maandiko haimruhusu.

Kasoro zipo. Sehemu za Oxford ni ndefu kupita kiasi. Watu wanatafutana kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, na mzaha wa karatasi za chooni kupungua unarudiwa hadi unachosha, ingawa tangu mwaka 2020 hakuna atakayesema haukuwa na ukweli. Gilchrist, msomi anayejali cheo chake, amechorwa kwa rangi moja tu.

Mwezi Januari 1349 Askofu Ralph wa Bath na Wells, kwa kuwa makasisi walikuwa wakifa, aliwaandikia watu wake kwamba anayekufa pasipo kasisi aweza kuungama kwa Mkristo ye yote, hata kwa mwanamke. Sijui kitabu cha historia kinachoufafanua waraka ule vema kuliko sura za mwisho za riwaya hii, ambamo Roche mwenyewe anaugua, na aliye kando yake ni msichana aliyedhani amekuja kufanya utafiti. Akiisha kufa, hakuna mwingine wa kumgongea kengele ila yeye.