Kulala Juu ya Maji

Mkazi wa Isiolo aliyepata sifa kubwa zaidi kwa kuogelea baharini alikuwa simba. Elsa alilelewa hapa tangu mwaka 1956, mikononi mwa George Adamson, afisa wa wanyamapori wa jimbo la kaskazini, na mkewe Joy. Wakati mmoja walimchukua hadi pwani ya Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, na Joy amesimulia katika kitabu chake cha mwaka 1960 jinsi mnyama huyo wa vumbi na miiba alivyoyapenda mawimbi. Sisi binadamu wa Isiolo hutuchukua muda mrefu zaidi.

Sababu inaeleweka. Huku maji tunayajua kwa kazi. Huchotwa, hubebwa, husubiriwa, hugombewa. Ewaso Nyiro ikifurika hubomoa. Ikikauka huwapeleka watu mbali na mifugo yao. Ndiyo maana kijana wa mtaa wa Bulla Pesa anapofunga begi la mgongoni, akapanda basi la Nairobi, kisha la usiku la Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni na kutafuta matatu ya Shimoni, majirani huuliza amepata kazi gani huko. Akijibu kwamba anaenda kulala kifudifudi juu ya bahari, awatazame samaki asiowavua wala kuwala, wazee hutazamana. Mimi namtetea. Kustarehe vizuri ni ufundi unaofundishwa na kufundishika, na snokeli ni tawi lake ambalo mtu wa nyanda kavu anapaswa kulijaribu kabla hajazeeka.

Vifaa vyenyewe ni vichache: miwani inayofunika macho na pua, mrija wa kupumulia, mapezi ya mpira miguuni. Unatema mate ndani ya kioo, unasugua kwa kidole, unasuuza kidogo; bila hivyo ukungu utakufumba macho dakika ya kwanza. Mwenye masharubu ajiandae, kwa sababu maji hupenya hapo hapo. Mengine yote ni pumzi.

Na pumzi ndiyo penye kazi. Ukiweka uso majini, mwili unakataa. Unajua kabisa kwamba mrija uko juu, hewa ipo, lakini kifua kinakwenda mbio na meno yanauma mpira. Ubaya wa pumzi fupi ni kwamba hewa uliyoitoa hubaki ndani ya mrija, nawe unaivuta tena ileile. Kadiri unavyohaha ndivyo unavyozidi kukosa hewa. Pumzi ndefu, ya taratibu, husukuma hewa chafu nyingi nje na kuleta mpya. Utulivu hapa si pambo la watu wa yoga. Ndio unaofanya chombo kifanye kazi. Tena mapafu yaliyojaa hukuinua, na maji ya chumvi, ambayo ni mazito kuliko ya mto kwa takriban asilimia 2.5, hukubeba bila wewe kupiga hata teke. Anayepigana na bahari huchoka, anayejilaza hubebwa.

Kisha macho nayo yanajifunza upya. Chini ya kioo kila kitu huonekana kikubwa na karibu kuliko kilivyo, hivi kwamba mkono ukinyoshwa kukigusa hukikosa. Rangi nyekundu hupotea kwanza kadiri kina kinavyoongezeka. Na hapo ndipo mtoto wa mfugaji anapokuwa na mtaji asioujua. Aliyewahi kusimama kando ya kisima akisubiri ndege wasahau kuwa yupo anaijua tayari nusu ya kazi hii. Ukipigapiga maji, samaki wote huingia mapangoni. Ukitulia muda wa kunywa kikombe cha chai, wanarudi: changu, kikande, na pono wenye mdomo wa kasuku. Pono utawasikia kabla ya kuwaona, kwa maana wanatafuna mwamba na sauti ya meno yao inasafiri majini. Wanachotafuna hutoka nyuma kikiwa mchanga. Sehemu ya ule mchanga mweupe ambao watu hulipa fedha nyingi waulalie imepitia tumboni mwa pono. Napenda kulitaja jambo hili hotelini.

Lakini fundi hasa wa snokeli ni yule anayekupeleka. Katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti, kusini mwa kisiwa cha Wasini, eneo la kilomita za mraba 39 lililo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, waongozaji huanza kazi kabla mgeni hajaamka. Wanahesabu mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, na mkondo kati ya visiwa huvuta kwa nguvu. Siku za maji mafu ni salama kwa mwanagenzi. Kaskazi ikivuma bahari hutulia na kuwa angavu, kusi ikiingia huchafuka. Mwongozaji mzuri hukushusha upande ambako mkondo utakurudisha kwenye mashua, badala ya kukuacha uirudie kwa mapezi. Mwoga humpa boya na kumvuta polepole, bila kumcheka mbele ya wenzake. Nyumba ya pweza anaijua kwa magamba yaliyotupwa mlangoni. Pango la mkunga pia analijua, na hukupitisha mbali nalo.

Elimu hiyo ni ya wavuvi. Katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambako mwamba umehifadhiwa tangu mwaka 1994, walinzi wa kwanza walitoka miongoni mwa wavuvi, wakafunzwa kulinda kile walichokuwa wakikivua. Wageni huko hutazama kwa miwani na mrija tu. Mitungi ya hewa hairuhusiwi. Naona ni uamuzi wa busara.

Mwongozaji anayepiga kelele “usikanyage!” ana hesabu zake. Matumbawe ni wanyama, na yale makubwa ya mviringo huongezeka takriban sentimita moja kwa mwaka. Teke moja la pezi huvunja kazi ya miaka. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka yakafa. Aliyeyaona kabla na baada hahitaji kushawishiwa.

Isiolo nayo imeandikiwa starehe. Mradi wa bandari na barabara wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, unatuahidi barabara hadi baharini na mji wa utalii upande wa Kipsing. Sina ugomvi na zege. Ila mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari ya mradi huohuo, na palipochimbwa bahari miwani huonyesha tope. Wachoraji wa mji wetu wangekaa siku moja na nahodha wa Wasini kabla ya kuchora bwawa la kwanza.

Tukiwa tunasubiri mji huo, begi lirudi na miwani ndani. Katika hifadhi ya Buffalo Springs kuna bwawa lililojengewa ukuta wa mawe, lenye maji ya chemchemi angavu, ambalo simulizi za hapa hudai lilichimbwa na bomu la ndege ya Kiitalia wakati wa vita vya pili vya dunia. Hakuna chumvi ya kukubeba, kwa hiyo mapafu yatafanya kazi zaidi. Hakuna pono. Kuna maji safi na nafasi ya kufanyia mazoezi ya pumzi hadi safari ijayo. Toka jua likiwa bado juu, maana jioni nyati na tembo hutumia njia hizohizo, nao hawasubiri mtu avue mapezi.