"Kijiti" wa Siti binti Saad: Marehemu Atoa Ushahidi

Miongoni mwa nyimbo za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyefariki mwaka 1950, "Kijiti" unasimulia kesi. Mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, anachukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti, ananyweshwa pombe, kisha anarudishwa maiti. Mwuaji anatoroka. Wanaobaki mbele ya jaji ni mashahidi, na ndio wanaotishwa kifungo.

Msomaji wa haraka aweza kuuchukua utungo huu kuwa onyo kwa wanawake wasitoke usiku. Sarufi yake inakataa. Mtambaji anaanza kwa kuwaamuru wasikilizaji watazame, akisimulia kwa nafsi ya tatu na kwa kiambishi -ka- cha masimulizi. Kisha ghafla nafsi inageuka: anayesema "mimi" ni marehemu mwenyewe. Hakuna kitenzi cha kunukuu kinachomfungulia mlango. Anaeleza alivyoitwa, anajuta kwamba hakukataa, halafu anamgeukia Kijiti kwa nafsi ya pili, na wakati uliopita unaacha nafasi kwa wakati uliopo: mauaji yanatendeka masikioni mwa msikilizaji. Mahakama haikuweza kumwita shahidi huyu, wimbo umemwita. Majuto yake, ambayo ndiyo yanayowavutia wapenda maonyo, ni ya mtu aliyehadaiwa, wala hayamwondolei mwuaji hata chembe ya hatia.

Jaji naye anapewa sauti, lakini kwa mpaka: anatangazwa, anakasirika kitini, ndipo anasema. Matusi yake ni ya Kiingereza kilichotamkwa Kiswahili, na hakika hapa ndipo utungo unapochoma zaidi. Lugha ya sheria ya kikoloni inaingia katika taarab kama tusi tu, na linawaangukia mashahidi. Kundi la Siti halikuhitaji kumlaani jaji. Laana imewekwa akiba kwa ajili ya Kijiti, anayeonywa pia asithubutu kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa huko anangojewa.

Onyo hilo lilikuwa na miguu. Tangu mwaka 1928, Siti na wenzake waliporekodi nyimbo Bombay, sahani za santuri zilifikisha sauti yake mbali na Unguja. Baadaye Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba wimbo huohuo jukwaani. Jina la mtoro likadumu kuliko faili lolote. Michezo ya redio ya kuelimisha jamii, kama "Twende na Wakati" ya Tanzania iliyoanza mwaka 1993, hutumia wahusika wa kubuni. Faida yake ni uhuru wa kufundisha, hasara yake ni kwamba hakuna mtu halisi anayeona haya.

Kwa msomaji wa Kongo, ambako sheria ya mwaka 2006 ilipanua maana ya ubakaji katika kanuni ya adhabu, swali la wimbo lingali zito: ni nani hasa anayehojiwa, mtenda au aliyekuja kusema? Hata hivyo utungo wenyewe una doa. Mwuaji ana jina, mashahidi wana majina. Marehemu, aliyepewa nafsi ya kwanza na hata mimba yake ikatajwa, hatajwi kwa jina mwanzo hadi mwisho.