Ukurasa Mmoja kwa Kila Nchi: Uhakiki wa The World Factbook kwa Kurejelea Visiwa vya Chagos na Mayotte

Vitabu vya marejeo kuhusu nchi za dunia husomwa kwa nadra lakini hutumiwa kila siku. Mtafiti hufungua ukurasa, huchukua ukubwa wa nchi kwa kilomita za mraba, idadi ya watu na pato la taifa, kisha huufunga. Huenda ndiyo maana kazi hizi hazihakikiwi kama zinavyohakikiwa riwaya au vitabu vya historia, ilhali takwimu zake huingia katika ripoti za kisera, mitaala na hotuba za bunge bila kuulizwa zimetoka wapi. Makala haya yanaitazama The World Factbook, iliyoandaliwa na Shirika la Ujasusi la Marekani (CIA), kama matini yenye mwandishi, hadhira na mtindo. Hoja yake ni kwamba kasoro kubwa ya kitabu hicho haimo katika tarakimu zake, ambazo kwa kawaida ni za kuaminika kiasi. Imo katika umbo lake: kila nchi na kila koloni ilipewa ukurasa wake, na uhusiano kati ya ukurasa mmoja na mwingine ukakatika.

Kitabu hicho kilianza mwaka 1962 kikiwa hati ya siri kwa matumizi ya serikali ya Marekani. Toleo lisilo la siri lilitoka mwaka 1971, umma ukaanza kuuziwa mwaka 1975, na jina la sasa likapatikana mwaka 1981. Kwa kuwa hakina hakimiliki, yeyote aweza kukinakili, na wengi wamekinakili. Asili yake ya kijasusi haikufutika kwa kubadilishwa jina. Viwanja vya ndege vya kila nchi vilihesabiwa na kupangwa kwa urefu wa njia za kurukia, na kwa kigezo cha kama zimewekwa lami au la. Bandari zilitajwa moja moja. Jeshi lilikuwa na sehemu yake. Hayo ni maswali ya mtu anayefikiria kutua.

Inafaa kukilinganisha na mtangulizi wake wa Uingereza, The Statesman's Year-Book, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1864. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 kitabu hicho kiliitanguliza Dola ya Uingereza, kikafuatia Marekani, kisha nchi nyingine zote, na makoloni yakachapishwa chini ya wenye nayo. Mpangilio huo ulikuwa wa majivuno, lakini haukumficha msomaji jambo: aliyetafuta habari za koloni alilazimika kwanza kumpita mtawala wake. The World Factbook ilifuata alfabeti. Eneo linalotawaliwa na nchi nyingine likapata ukurasa wenye vichwa vilevile vya jiografia, watu, serikali na uchumi, kana kwamba ni nchi ndogo yenye shughuli zake. Adabu hiyo ya alfabeti ina gharama, na gharama hiyo inaonekana vizuri zaidi katika Bahari ya Hindi.

Ukurasa usio na watu

Visiwa vya Chagos vilitengwa na Morisi mnamo Novemba 1965, zaidi ya miaka miwili kabla ya Morisi kupata uhuru wake tarehe 12 Machi 1968. Uingereza iliviunda kuwa koloni jipya wakati ambapo makoloni mengine yalikuwa yakishusha bendera yake, na mwaka 1966 ikakubaliana na Marekani kuhusu matumizi ya kijeshi. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wakazi wote waliondolewa. Wengine walizuiwa kurudi walipokuwa safarini Morisi, na waliobaki walipakiwa melini.

Katika The World Factbook, sehemu ya idadi ya watu wa eneo hili ilisema kwamba hapakuwa na wakazi asilia, kisha maelezo ya ziada yakataja wafanyakazi wa kilimo wapatao 1,200 waliohamishiwa Morisi na Shelisheli. Wachagosi wenyewe na watafiti wengine hutaja idadi kubwa zaidi, kati ya 1,500 na 2,000. Tofauti ya tarakimu ina uzito, lakini nomino zilizochaguliwa zina uzito zaidi. Mfanyakazi wa kilimo ni mtu wa mkataba, na mkataba ukiisha huondoka. Nyaraka za serikali ya Uingereza za mwaka 1966, zilizokuja kujulikana kupitia kesi za Wachagosi mjini London, zinaonyesha maafisa wakipanga kuwaeleza watu hao kuwa vibarua wa kupita, ili Umoja wa Mataifa usiweze kudai kuwa eneo hilo lina raia wenye haki ya kujitawala. Hakuna haja ya kudai kwamba waandishi wa The World Factbook walikula njama. Inatosha kuona kwamba maneno ya wakala yameingia katika kisanduku cha takwimu na kutoka humo yakiwa yamevaa sura ya jambo lililopimwa.

Hapa mfasiri wa Kiswahili ana uamuzi mzito kuliko anavyodhani. Akiandika kuwa visiwa hivyo havina wakazi asilia, atakuwa ameihamisha hukumu hiyo ilivyo. Akiandika kuwa havikuwa na wenyeji, atakuwa amesema uongo ulio wazi, kwa sababu mwenyeji katika Kiswahili si lazima awe mtu ambaye babu zake hawakutoka popote. Ni mwenye mahali, anayepajua na kumpokea mgeni. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, inaonyesha jinsi mpaka kati ya mgeni na mwenyeji unavyovukwa kwa kazi. Wahenga wa Wachagosi walipelekwa visiwani na Wafaransa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 wakiwa watumwa, wengi kutoka Msumbiji na Madagaska, wakapewa kazi ya minazi. Vizazi vyao viliishi huko kwa karibu miaka 200, vikawa na krioli yao, makanisa na makaburi. Kama muda huo hautoshi kumfanya mtu mwenyeji, sehemu kubwa ya dunia haina wenyeji.

Sehemu ya uchumi ya ukurasa huo nayo inastahili kusomwa polepole. Ilieleza kwamba shughuli zote za kiuchumi zilikuwa Diego Garcia, kwenye kambi ya kijeshi. Kwamba kazi zilifanywa na wanajeshi na wafanyakazi wa mikataba kutoka Uingereza, Morisi, Ufilipino na Marekani. Na kwamba hapakuwa na kilimo wala viwanda. Kila sentensi ni ya kweli. Kilichokosekana ni kitenzi kimoja cha wakati uliopita: palikuwa na kilimo, kikafungwa, na waliokuwa wakikifanya ndio hao waliotajwa katika kisanduku cha juu. Visanduku viwili vya ukurasa mmoja havikuzungumza. Ajabu ni kwamba mwaka 2004 kitabu kilihesabu watu wapatao 4,000 katika Diego Garcia, wanajeshi na wafanyakazi wa kiraia, katika kisiwa ambacho serikali ya Uingereza ilishikilia kwamba Wachagosi hawawezi kurudishwa bila gharama kubwa mno.

Istilahi ya eneo tegemezi, inayotumika katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili kwa maeneo ya namna hii, inazidisha ukungu. Mtegemezi nyumbani ni yule anayelishwa. Kwa Diego Garcia ni vigumu kusema nani anamtegemea nani, kwa kuwa ndege na meli za dola mbili ndizo zinazotegemea kisiwa. Neno koloni, ingawa linaonekana la kale, lina usahihi zaidi, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikaribia kulitumia kwa maana hiyo tarehe 25 Februari 2019, ilipotoa maoni kwamba uondoaji wa ukoloni nchini Morisi haukukamilishwa kisheria.

Ukurasa uliofutwa

Mayotte, ambayo watu wake huiita Maore, ni kisa cha kinyume. Katika kura ya Desemba 1974 karibu asilimia 95 ya wapigakura wa visiwa vinne vya Komoro walitaka uhuru, lakini katika Mayotte takriban asilimia 63 waliukataa. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Ufaransa ikabaki Mayotte, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalaani hatua hiyo mwaka 1976. Tarehe 31 Machi 2011 kisiwa kikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Ukurasa wake katika The World Factbook ukaondolewa, kama ulivyokuwa umeondolewa wa Réunion na wenzake.

Kwa mantiki ya kisheria ya Paris uamuzi huo unaeleweka. Ufaransa ya kitabu ikakua kutoka kilomita za mraba 551,500 za Ulaya hadi 643,801, ikapakana na Brazili na Suriname. Tarakimu za uchumi zilitendewa vivyo hivyo. Uchunguzi wa taasisi ya takwimu ya Ufaransa, INSEE, ulionyesha kuwa mwaka 2018 asilimia 77 ya wakazi wa Mayotte waliishi chini ya mstari wa umaskini wa taifa, dhidi ya asilimia 14 hivi katika Ufaransa ya Ulaya. Umaskini wa kisiwa chenye kilomita za mraba 374 ukigawanywa katika wastani wa nchi ya watu zaidi ya milioni 60, hautaonekana. Mayotte ikabaki na maisha ya aina moja tu katika kitabu: mgogoro wa mpaka uliotajwa katika ukurasa wa Komoro.

Kwa wataalamu wa Kiswahili kuna jambo la karibu zaidi. Ukurasa wa zamani wa Mayotte uliieleza lugha ya kisiwa kuwa lahaja ya Kiswahili, na maelezo hayo yakahamia katika ukurasa wa Ufaransa. Ukurasa wa Komoro uliieleza lugha ya taifa hilo kuwa mchanganyiko wa Kiswahili na Kiarabu. Maelezo yote mawili si sahihi, na hayawezi kukubaliana. Kimaore ni cha kundi moja la Kikomoro pamoja na Kinzwani, Kimwali na Kingazija, na kundi hilo ni ndugu wa Kiswahili katika tawi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana. Ndugu si mtoto, wala mchanganyiko si nasaba. Kutoka Nzwani hadi Mayotte ni mwendo wa kilomita 70 hivi baharini, mwendo ambao watu wengi wamezama wakijaribu kuuvuka kwa mashua ndogo tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995. Kitabu kikaigawa lugha mahali palepale ilipogawanywa bahari.

Kosa hili si rahisi kulikataa kwa sababu linawabembeleza wenye Kiswahili. Tangu Umoja wa Afrika ulipokipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, hamu ya kuhesabu wasemaji imeongezeka, na lahaja moja zaidi ni maelfu ya wasemaji zaidi. Mshauri wa sera atakayenukuu hesabu hiyo mbele ya wajumbe wa Komoro ataambiwa, kwa haki, kwamba anaimeza lugha ya wenzake kama Ufaransa ilivyokimeza kisiwa chao.

Kamusi elezo na atlasi za Kiswahili zitakazoandikwa zitalazimika kuchukua takwimu kutoka vitabu vya wengine. Hakuna aibu katika hilo. Zisichukue na mpaka wa ukurasa. Ukurasa wa Mayotte uwepo hata kama sheria ya Paris haiutaki, nao uelekeze kwa Nzwani na kwa Ufaransa pia, ukitaja kura ya 1974 pamoja na uamuzi wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu wapigakura wa Maore nao ni watu wenye kauli. Ukurasa wa Chagos utaje mkataba uliotiwa saini na Uingereza na Morisi tarehe 22 Mei 2025, unaoirudishia Morisi mamlaka na kuiacha Diego Garcia katika matumizi ya kijeshi kwa miaka 99. Na katika kisanduku cha watu, badala ya sifuri, yaandikwe majina ya mahali wanapoishi Wachagosi leo: Port Louis, Mahé na Crawley.