Nyumba yenye deni: bwana na bibi wa Sudani ya Kusini katika filimu «His House»

Katika vitabu vidogo vyetu tumezoea kuongea juu ya mila zenye ziko karibu nasi: ndoa, matanga, majina ya watoto, kazi ya wajomba. Mara hii tunapenda kuchambua filimu ya kigeni, iliyotengenezwa Uingereza na kuhusu watu wa Sudani ya Kusini. Sababu ni kwamba inauliza ulizo ambalo jamaa nyingi za huku kwetu zinalijua vizuri: mtu akikimbia inchi yake, wafu wake wanabakia wapi? Na kama kuko deni aliloacha njiani, nani atamdai?

Filimu inaitwa «His House», ni kusema «Nyumba yake». Aliyeiandika na kuiongoza ni Remi Weekes, Mwingereza, na ni filimu yake ndefu ya kwanza. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye sikukuu ya filimu ya Sundance, Marekani, katika mwezi wa kwanza 2020, kisha ikatoka kwenye Netflix tarehe 30 Oktoba 2020. Katika 2021 Weekes alipata kwayo zawadi ya BAFTA inayotolewa kwa Waingereza wanaoanza. Bwana, Bol, anachezwa na Sope Dirisu. Bibi, Rial, anachezwa na Wunmi Mosaku.

Mambo yanayosimuliwa

Bol na Rial wamekimbia vita vya Sudani ya Kusini. Wamevuka bahari ndani ya mashua iliyojaa watu, na usiku mmoja mashua ikazama. Msichana mdogo Nyagak, ambaye tunamchukua kuwa mtoto wao, alikufa maji. Uingereza wanafungiwa kwanza, kisha wanaachiliwa kwa masharti. Wanapewa nyumba moja chakavu: takataka mlangoni, karatasi za ukutani zinabanduka, taa haziwaki vizuri. Mfanyakazi wa serikali anawaambia kwamba ni kubwa kupita ya kwake. Sherti wakae humo tu, wasifanye kazi ya mshahara, na kila juma waende kujionyesha. Wakivunja sharti, kesi yao inaharibika na wanaweza kurudishwa.

Usiku, kuta zinaanza kusema. Kuko miguu inayokimbia nyuma ya ukuta. Kuko mtoto gizani. Siku moja Bol yuko mezani anakula, na bila kuinuka anajikuta katikati ya bahari, usiku, wafu wakimzunguka. Yeye anatafuta dawa yake mwenyewe: anakamata nyundo na kubomoa kuta. Rial anatafuta ingine: anakaa, anasikiliza, anauliza huyo aliye ukutani anataka nini.

«Kwa nini hawatoki?»

Filimu za nyumba zenye mashetani ni nyingi kule Ulaya na Marekani. Karibu zote ziko na njia moja. Jamaa inanunua nyumba kubwa kwa bei ndogo. Ndani kulikuwa mauaji, ao nyumba ilijengwa juu ya makaburi. «The Amityville Horror» ya 1979 ni ya namna ile, na «Poltergeist» ya 1982 vilevile. Wafu ni wa nyumba, walio hai ni wageni wasio na kosa. Na kila mtazamaji anapiga kelele: jameni, kwa nini hamtoki?

Weekes anageuza mambo hayo mara mbili. Kwanza, ulizo la kutoka analijibu kwa sheria. Bol na Rial hawana ruhusa ya kutoka. Kwa mkimbizi anayengoja karatasi, nyumba si mali yake, ni sehemu ya kesi yake. Bol anapoenda ofisini kuomba nyumba ingine, anaogopa kusema ukweli; anasema ni panya. Nani angeandika neno «wafu» ndani ya dosie? Hapo njo tunaona woga ulio mkubwa kupita ule wa mashetani: woga wa mtu mwenye kuonekana hana shukrani. Wenye kuwa na jamaa ugenini wanaujua. Simu ikipigwa, jibu ni moja: huku tuko muzuri, Mungu anasaidia.

Pili, wafu wa nyumba ile si wa Uingereza. Wamekuja na wapangaji. Kuta ni za Kiingereza, lakini sauti zilizo ndani zimevuka jangwa na bahari. Kwa mtazamaji wa London hilo ni jambo jipya. Kwa siye halishangazi. Kivu watu wanasema muzimu, Waluba wanasema mukishi, na kila mmoja anajua kwamba wafu wanafuata jamaa, hawafuati matofali. Mtu anaweza kuuza lupango. Hawezi kuuza marehemu wake.

Bwana anayetaka kusahau, bibi anayekumbuka

Filimu inagawanya bwana na bibi kwa mambo madogo ya kila siku, na kwetu hiyo njo sehemu iliyo nzuri kupita zote. Bol anataka wakule mezani, na kijiko na uma. Rial anakaa chini na kula na mkono, na anasema uma zinamwachia ladha ya chuma tu. Bol ananyoa nywele, anaenda kuimba pamoja na wanaume wa mtaa mambo ya mpira, anajinunulia nguo sawa na zile za picha ya dukani. Vitu walivyotoka navyo safarini anavichoma moto.

Waswahili wa pwani wanasema: mkataa kwao ni mtumwa. Mtu anaweza kufikiri filimu inamhukumu Bol kwa neno hilo. Hapana. Inatuonyesha kwamba yeye hakatai kwao kwa kiburi. Anakataa juu kule kuna jambo hawezi kuliangalia. Wengi wa wale tunaowacheka kwamba «wamekuwa Wazungu» pengine wako hivyo. Kabla ya kucheka, tuulize wanakimbia nini.

Rial naye si malaika wa mila. Anamwelezea daktari chale zilizo kwenye mwili wake: inchini mwao makabila mawili yalikuwa yakiuana, na yeye akajichanja alama za yote mawili ili aokoke. Chale, ambazo kwa wazee zilikuwa kitambulisho cha mtu na watu wake, vita vimezigeuza kuwa karatasi ya kupita kwenye vizuizi. Katika Kongo yetu, wenye waliulizwa kabila kwenye barabara tangu 1996 hawatahitaji maelezo.

Apeth ni nani?

Rial anamsimulia bwana yake hadisi: mtu mmoja mnyofu, maskini, alitaka nyumba yake mwenyewe mpaka akaanza kuiba. Siku moja akamwibia mzee aliye apeth, ni kusema mlozi. Alipomaliza kujenga, apeth akaingia kukaa naye ndani ya kuta, na hakumwachilia.

Hapa mchambuzi wa mila sherti asimame. Neno apeth ni la Kidinka kweli, Weekes hakulitunga. Godfrey Lienhardt, Mwingereza aliyejifunza maisha ya Wadinka na kuandika juu ya dini yao katika 1961, alikuwa amekwisha kuandika katika 1951 juu ya ulozi wao. Kufatana na maelezo yake, apeth si shetani wa ukutani. Ni mtu aliye hai, jirani wa kawaida, mwenye moyo mbaya na jicho baya, anayedhuru wenzake kwa siri. Ukimwangalia usoni huwezi kumtambua.

Kwa hiyo filimu imebadilisha mila ya watu. Imechukua mtu na kumfanya zimwi lenye ngozi ya kutisha, juu soko la filimu za woga linadai zimwi. Ni kosa la kawaida, na tunapashwa kulisema wazi: mtazamaji wa Ulaya atatoka akifikiri kwamba ndivyo Wadinka wanaaminika.

Lakini tuendelee kidogo, na hapa tunafunua siri ya filimu, juu bila hiyo hakuna cha kuchambua. Nyagak hakuwa mtoto wao. Siku ya kukimbia, basi lilikuwa linachukua wenye watoto tu. Bol akamkamata msichana katikati ya watu, akasema ni wake, wakapanda. Mama aliyemzaa akawa anaita nyuma, na basi likaenda. Wakaokoka kwa kichwa cha mtoto wa wengine, kisha mtoto yule akafa maji mikononi mwao.

Sasa turudie maana ya zamani ya apeth: mtu wa kawaida, mwenye uso mzuri, aliyedhuru mwenzake kwa siri. Ni nani huyo katika nyumba ile? Ni mwenye nyumba. Ndiyo maana jina ni «Nyumba yake». Filimu ilipotea kwa umbo la mlozi, lakini maana yake haiko mbali na wazee wa Kidinka: ubaya haukai ukutani, unakaa ndani ya yule anayegonga ukuta na nyundo.

Mtoto si mlozi

Kuko jambo lingine ambalo wasomaji wa Kongo wanapashwa kuangalia sana. Katika nyumba ile, taabu inapoingia, mtoto anaonekana usiku. Katika miji yetu tunajua mambo yanavyoendeleaka mara nyingi: kazi imepotea, ugonjwa umeingia, na mtu anasema mtoto ndiye mlozi. Wanampeleka kwenye chumba cha maombi, anafungwa njaa, anapigwa, mwishowe anatupwa barabarani. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaliadhibu kosa hilo katika kifungu cha 160, lakini sheria peke yake haijalimaliza.

Filimu inafuata njia ya kinyume. Nyagak anatisha, ndiyo, lakini hakuna anayemshitaki. Yeye si mlozi, ni mdai. Walio na kosa ni watu wakubwa. Jamaa zetu zingesikia neno hilo moja tu, watoto wangapi wangelala nyumbani leo! Taabu inapoingia ndani ya nyumba, wa kwanza kuulizwa awe mwenye nguvu, si mdogo.

Deni limelipwa?

Mwishoni apeth anamwambia Bol kwamba mtoto atarudi kama yeye atatoa mwili wake mwenyewe. Bol anakubali na kuanza kujikata mkono. Rial, aliyekuwa amemkasirikia, anachagua bwana yake: anakamata kisu na kumwua apeth. Wafanyakazi wa serikali wanapokuja kukagua nyumba, wanawakuta wawili wametulia, wanatengeneza kuta. Hawataki tena kuhama. Bol anawaeleza kwamba wafu hawatoki, mtu anajifunza kukaa nao. Kisha tunaona vyumba vimejaa watu wa mashua, wamesimama kimya pamoja nao.

Picha hiyo ni nzuri na inabakia machoni. Hata hivyo tunauliza: deni limelipwa? Dawa ya deni ni kulipa. Hatukusikia kwamba dawa ya deni ni kumwua mdai. Mama yule aliyekimbia nyuma ya basi, hatuambiwi aliishia wapi. Filimu inamtumia kwa kufunua siri, kisha inamwacha barabarani, sawa Bol alivyomwacha. Kwa desturi za makabila mengi ya huku, jambo kama lile haliishi kati ya bwana, bibi na ukuta. Kuko ukoo wa mtoto. Sherti habari iwafikie, kilio kikaliwe hata bila maiti, wazee wa pande mbili wakae chini, neno lisemwe mbele ya watu. Filimu inafanya deni kuwa mambo ya roho ya mtu mmoja, ndani ya chumba chake. Hiyo ni dawa ya Ulaya kwa ugonjwa wa Afrika.

Tutakuwa wanyofu: ugenini, wawili peke yao, ukoo wangeupata wapi? Labda Weekes alionyesha tu kile kinachowezekana kwa mkimbizi. Lakini siye tuliobakia huku tuko na watu. Goma iliangukia mikono ya M23 katika mwezi wa kwanza 2025, Bukavu katika mwezi uliofuata, na kabla ya hapo kulikuwa miaka karibu 30 ya kukimbia na kurudi. Kati ya wenye waliokoka, kuko aliyemwacha mzee njiani, kuko aliyesema «huyu ni wangu» ao «huyu simjui» ili apite. Tunawaombea wafu kila mwaka. Ni mara ngapi tunawapa walio hai fasi ya kusema jambo walilofanya ili wabakie hai?

Kwa hiyo tunaomba waangalizi wa vikundi vyetu waionyeshe filimu hii, si kwa watoto, maana inatisha kweli, lakini kwa watu wazima, na kisha wasizime tu mashine na kwenda nyumbani. Wakae. Waulize ni nani apeth. Waulize mama wa Nyagak angepashwa kuambiwa nini, na nani angemwambia. Bol alihitaji nyumba mbovu ya kigeni na kuta zilizotobolewa ili aseme neno lake. Watu wetu wasingoje mpaka ukuta uwalazimishe.