Nani Kawanyonyoa Rapta?

Tuanze na zile mbio za usiku msituni katika Jurassic World ya 2015, maana ndizo zilizoharibu filamu nzima. Owen, mkufunzi wa rapta, yuko juu ya pikipiki, rapta Blue na wenzake wanatimka ubavuni mwake wakiwa na ngozi tupu kuanzia pua hadi mkia, viganja vimetazama chini kama vya mpiga kinanda. Mwongozaji Colin Trevorrow alishatangaza tangu 2013: hakuna manyoya. Uamuzi mbovu, na sisemi habari ya urembo.

Mfupa wa mkono wa Velociraptor wa Mongolia, uliochambuliwa 2007, una vinundu sita vya kushikia mashina ya manyoya. Sasa mtazame mwewe aliyekamata windo linalopapatika. Analing'ang'ania kwa kucha za miguu, analikandamiza kwa uzito wake, anapigapiga mabawa asipinduliwe, na anaanza kula kabla halijakata roho. Mtafiti Denver Fowler na wenzake walipendekeza 2011 kwamba rapta nao waliwinda hivyo. Basi manyoya ya mkono ni zana ya kazi. Ukimnyonyoa rapta umempokonya mbinu yenyewe, na anayebaki ni mjusi mwenye hasira na mbio.

Halafu kuna lile dai la rapta kupasua matumbo kwa ukucha wa mguu, ambalo sitachoka kulipinga. Mtafiti Phillip Manning aliunda mguu wa mashine na kuujaribu kwenye mzoga wa nguruwe. Matokeo yalitoka 2005. Ukucha ulitoboa, haukuchana. Na kule jangwa la Gobi, 1971, walifukuliwa dinosau wawili waliokufa wakipigana: ukucha wa Velociraptor uko kwenye shingo ya Protoceratops, mkono wake wa kulia umebanwa mdomoni mwa mpinzani. Shingoni, jamani, si tumboni.

Najua mtanitajia Dk. Wu, mwanasayansi wa filamuni, na vinasaba vyake vya kuchanganya. Mwandishi wa filamu akikwama, humtuma mhusika amtetee.

Haki yao niwape: kidole cha pili cha mguu kimeinuliwa inavyotakiwa, na macho ya Blue yana uhai. Hongera.

Watengenezaji wa Jurassic Park ya 1993 walikuwa watu wa kusikia. Manyoya hatuwadai, kwani Sinosauropteryx, dinosau mwenye manyoya, ilijulikana 1996. Ila mshauri wao wa visukuku, Jack Horner, alipokataa rapta wa jikoni wasichomoechomoe ndimi za nyoka, ndimi zikaondolewa, tukaonyeshwa pumzi ikitia ukungu kwenye kioo cha mlango: mnyama mwenye damu moto, bila neno hata moja. Viganja tu ndivyo siwasamehei, kwa kuwa mtaalamu John Ostrom alishakieleza kifundo cha mkono cha Deinonychus, ndugu wa Velociraptor, tangu 1969, namna kinavyokunja mkono kwa upande, kiganja kikitazamana na kiganja.

Manyoya yalikuja kupatikana 2022, katika Jurassic World Dominion, akavishwa rapta mwingine, Pyroraptor. Wakamtosa kwenye maji chini ya barafu, mahali ambapo hana pa kukanyaga wala pa kupigia bawa.