Wachapaji wa Misale ya Rangi Mbili

Papa Pius V alipotangaza misale mpya, yaani kitabu cha sala za Misa, mwaka 1570, mzigo uliwaangukia wachapaji. Huko Antwerp, karakana ya mchapaji Plantin ilitoa maelfu ya misale na breviari, vitabu vya sala za kila siku za mapadri, kwa ajili ya Hispania. Sala zilichapwa kwa wino mweusi na maelekezo ya padri kwa mwekundu, hivyo kila upande wa karatasi ulipita mtamboni mara mbili. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Karatasi ililoweshwa kwanza ili ishike wino, na ikianza kukauka hunywea. Mstari mwekundu ukisogea kidogo tu hupanda juu ya mweusi, na karatasi, iliyokuwa ghali, imeharibika. Wino ulipakwa kwa mipira ya ngozi iliyojazwa sufu. Wapanga herufi waliokota herufi za risasi moja moja, Kilatini kitupu, na mahali pengine noti za nyimbo. Msahihishaji alipitia kila ukurasa, maana kosa likipita lingesomwa altareni miaka mingi. Mwenye karakana aliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Wavuta mtambo hawakuandikwa. Mitambo miwili ya takriban mwaka 1600 bado ipo katika karakana hiyo, ambayo tangu 1877 ni makumbusho.