Neno na Mwenzake

Mswahili hupiga simu asiiumize. Hupiga pasi, hupiga picha, hupiga mswaki, hupiga hodi, hupiga magoti, na siku yote inapita hajamgusa mtu. Ndivyo pia anavyokata. Hukata tiketi, hukata kiu, hukata rufaa, na mambo yakimwelemea hukata tamaa, wala mkononi hana kisu. Hakuna aliyetuketisha chini kutufundisha hayo. Tuliyasikia jikoni, uani na barazani hadi yakatuingia damuni.

Huwa nawaza hayo ninapomwona mtoto wa kidato cha kwanza nchini Tanzania, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anakutana na sekondari inayofundisha kwa Kiingereza. Anayajua maneno mengi, lakini anayajua moja moja. Anajua “rain”, anajua “big”, basi anaandika “big rain”. Anajua “drink”, anajua “medicine”, anaandika “drink medicine”. Tahajia yake haina kosa na sarufi imenyooka. Hata hivyo mwenye lugha yake husema “heavy rain”, maana kwake mvua ni nzito, na husema “take medicine”, maana kwake dawa huchukuliwa. Sisi tuna “fanya” moja inayotutosha. Wao wana mbili, na kila moja ina watu wake: kosa ni “make a mistake”, kazi ya nyumbani ni “do homework”. Umakini nao wanaulipa kama deni: “pay attention”. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile la simu na pasi: ndivyo wasemavyo wenyewe.

Mzawa wa lugha mara nyingi haioni ndoa hii ya maneno, kwa kuwa amezaliwa ndani yake. Huenda ndiyo maana mojawapo ya kazi za mwanzo na za kina kuhusu jambo hili ilifanyika Japani, mbele ya wanafunzi wageni. Mwalimu Mwingereza Harold Palmer alichapisha Tokyo, mwaka 1933, ripoti nzima juu ya maneno ya Kiingereza yanayotembea pamoja. Mwenzake, A. S. Hornby, alishiriki kutunga kamusi ya wanaojifunza iliyotoka huko huko mwaka 1942, na ambayo Oxford waliichapisha upya mwaka 1948. Baadaye mwanaisimu J. R. Firth akafundisha kwamba maana ya neno hutambulika kwa kuangalia linaandamana na nani. Wazee wetu wangemwelewa upesi, kwani mtu naye hujulikana kwa rafiki zake.

Ufundi wa kuyajua maneno haya hauhitaji fedha. Unahitaji daftari na dakika kumi. Mimi nina daftari la kurasa 96, na kila ukurasa nimeupiga mstari katikati. Kushoto naandika Kiswahili, kulia Kiingereza. Alfajiri moja nilichukua neno moja tu, ahadi. Kushoto nikaandika: “Amevunja ahadi.” Kulia: “He broke his promise.” Hapo lugha mbili zimepeana mkono, wao huvunja nasi tunavunja, kwa hiyo sikukawia. Nikashuka mstari wa pili: “Ametimiza ahadi.” Kalamu ikasita. Kiingereza chao cha kila siku ni “He kept his promise.” Ahadi wanaitunza, kama mtu aliyekabidhiwa yai na kulifikisha zima. Nilipoiona picha hiyo, sikuhitaji tena kuikariri. Kisha nikatunga sentensi tatu za maisha yangu mwenyewe, moja ya fundi cherehani, moja ya jirani, moja ya mwanangu, nikazisoma kwa sauti, nikafunga daftari.

Kesho yake, kabla ya neno jipya, nilifunika upande wa kulia kwa kiganja na kujaribu kusema. Nikarudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kuachanisha marudio huku kuna msingi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunachojifunza hutoroka kwa kasi mwanzoni, na marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Anayekesha na orodha ya maneno mia usiku wa kuamkia mtihani anajaza pakacha maji.

Nikilitazama daftari hili naona kazi ya msusi wa mikeka wa pwani. Hakai akasuka mkeka mzima mara moja. Anasuka ukili, utepe mwembamba wa ukindu, huku akizungumza na wageni wake. Leo pima moja, kesho pima moja, anauviringisha na kuuweka. Siku ukitosha, anaushona ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo mkeka unapoonekana. Uzuri wake uko katika jinsi kila ukindu ulivyoshikana na wa jirani yake. Ukindu mmoja peke yake hauketiki.

Naisifu kazi hii kwa sababu inamfundisha mtu heshima. Anayejifunza maneno yakiwa na wenzake huacha kuilazimisha lugha ya watu ifuate nyumba yake; anabisha hodi, anasikiliza wanavyoongea, kisha anaingia. Tena anarudi kwake macho yakiwa yamefunguka. Mimi sikuwahi kuona kwamba tunakula kiapo, tunakula njama na tunakula hasara, mpaka Kiingereza kiliponitaka nitafute vitenzi vingine.

Basi mwalimu, ukimpa mwanafunzi neno jipya, mpe na mwenzake. Nawe msomaji, kesho alfajiri chukua daftari, upige ukurasa mstari katikati, uandike neno moja na anayetembea naye. Dakika kumi zinatosha, mradi keshokutwa ukae tena.